Mabati Tuliyoogopa Kuyatoboa

Muriuki, wakini wangu,

Tumeitana hivyo tangu tutahiriwe pamoja, na sioni sababu ya kuacha sasa kwa kuwa wewe huitiki.

Nianze na habari ambayo ingekuchekesha. Jeneza lako lilitengenezwa na yule fundi wa Karatina, yule uliyesema milango yake hufungwa kwa maombi. Hatukuwa na la kufanya. Fundi wa hapa Chaka ulikuwa wewe. Nililikagua kwa niaba yako kabla hawajakulaza ndani. Kona moja ilikuwa imepinda kidogo. Nikanyamaza. Siku zile nilikuwa nimegeuka bingwa wa kunyamaza, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Yaliyotokea unayajua, lakini acha niyaandike yote, maana kuna watu wanaoyasimulia kombo.

Tulitaka mashindano ya pikipiki uwanjani, harambee ya zahanati. Wageni walihitaji jukwaa lenye kivuli. Nguzo ulikuwa nazo, mabati hukuwa nayo. Wenye mabati mapya pale kwetu walikuwa akina mama wa kikundi, wale wanaoezekeana nyumba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka nyasi ziishe kwenye mapaa. Nikaenda kuazima. Mwenyekiti wao, Mama Njeri, akanitazama kama mtu anayepima mbuzi. "Tutakupa. Lakini nikiona tundu hata moja, wewe ndiye utalala chini ya hilo tundu, na mvua yako." Alikuwa na haki. Bati lililopigwa msumari ukilihamishia paa lingine, matundu hayaangukii mbao, na mwenye nyumba huamka na sufuria kitandani. Nikaapa.

Wewe ukataka misumari. Ulikuwa nayo mdomoni kama kawaida yako, ukasema kwa upande mmoja wa mdomo, "Upepo wa hapa unaujua, Ndegwa. Hii mabati bila misumari ni karatasi tu." Nami nikakujibu, "Ni ya saa tatu tu, wakini. Ama unajenga kanisa?"

Ukacheka. Ukaitema misumari kiganjani, ukachukua kamba ya katani, ukafunga, ukapanga mawe juu. Sijawahi kukuona ukifanya kazi usiyoiamini, isipokuwa siku ile.

Na ukweli, Muriuki, si kwamba nilimwogopa Mama Njeri peke yake. Nilitaka kupanda pikipiki. Ungeshikilia msimamo wako, mashindano yangeahirishwa tukitafuta mabati mengine, na bwana mifugo angehamishwa Timau kabla sijamshinda. Mtu mwenye pikipiki ya serikali, petroli ya serikali, hata kofia ya serikali! Mimi nilikuwa na mtambo niliounganisha kwa mabaki ya pikipiki aliyoacha mzungu wa shamba la ngano aliporudi kwao. Miezi sita nilikuwa nikimwota akiutazama mgongo wangu kwa nyuma. Kwa ajili ya ndoto hiyo nilikunyima misumari.

Tulikuwa saba kwenye mstari mlima ulipofunikwa na mawingu. Mvua ikaja ikiwa imelala, si ya kushuka, na watu wote wakakimbilia chini ya jukwaa lako. Kamba zikaanza kukatika. Nilikuona ukipanda. Ulilala kifudifudi juu ya mabati, mikono umeitandaza, ukipiga kelele, "Tokeni! Tokeni hapo chini!" Wakatoka, hata yule nyanya mzee wa fimbo. Kisha upepo ukalibeba bati na wewe pamoja, ukakuangusha upande wa mawe.

Katekista aliyeshika filimbi aliipuliza mara moja tu, kwa muda mrefu, na mashindano yakaisha kabla ya kuanza.

Barazani chifu akasema, "Fundi hakupiga misumari." Watu wakaitikia kwa vichwa. Cha kwangu nacho kikaitikia.

Baada ya hapo shule ikaondoa kazi ya madawati kwenye karakana yako, ambayo mkeo Mama Wangari anaiendesha na yule fundi kijana uliyemfundisha. Mama Wangari hakulalamika. Akaendelea kufungua mlango kila asubuhi, na wateja wakaendelea kupita upande wa pili wa barabara. Siku ya soko mchuuzi wa nyanya kutoka Kagio, mtu ambaye hakukujua kabisa, akatania, "Huyo ni wa karakana ya vitu vya kuruka!" Nikacheka. Ilinitoka tu kabla sijaelewa, kama kikohozi. Nilipogeuka, Mama Wangari alikuwa amesimama na nyanya mkononi. Akazirudisha moja moja, akaondoka.

Alhamisi nikaenda kwenye mkutano wa akina mama, nikaomba kusema. Nikasema, fundi aliomba misumari, mimi ndiye niliyemkatalia.

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Ati umekaa na hiyo maneno miezi minne?" Nikasema ndiyo. Mama Njeri akainamisha kichwa. "Na mimi ndiye nilisema sitaki tundu." Sijawahi kumsikia akiongea chini vile.

Mama Wangari aliuliza jambo moja tu. "Ulipomkatalia, alicheka?"

Nikamwambia ulicheka.

"Basi yeye alikusamehe hapo hapo. Mimi bado."

Nimeyarudia barazani, mbele ya chifu, nikiwa nimesimama. Chifu alikohoa, akasema ni vizuri ukweli ujulikane, kwa sauti ya mtu ambaye angependa ujulikane siku nyingine. Mwalimu mkuu anasema atafikiria habari ya madawati. Anafikiria polepole, lakini juzi nilimwona karakanani akipima mbao kwa mkono. Mama Wangari hupokea salamu zangu kwa kichwa, si kwa mkono. Simsukumi.

Bwana mifugo alihamishwa kweli. Alikuja kuniaga na pikipiki yake. Akaniuliza ni nani angeshinda. Nikagundua sijui, na kwamba sitaki kujua.

Lala salama, wakini. Sitakuahidi kwamba nitakuwa mtu mzuri, usije ukacheka ukasumbua majirani zako huko. Nakuahidi hili: yeyote atakayeuliza habari za jukwaa lile, nitamwambia aliyelijenga ni nani, na aliyemzuia kulijenga vizuri ni nani. Na asiyeuliza nitamwambia pia. Unanijua mimi.

Wako,
Ndegwa