Jina la Doto

Tinde, Jumanne

Hata leo Kulwa amekataa kuandika jina lake. Tangu shangazi yao amchukue pacha wake, Doto, kwenda Kahama, hasemi na mtu hapa chekechea ninakosaidia kufundisha. Simlaumu. Mimi mwenyewe, tangu Mama aende machimboni Geita aniache kwa Bibi, sina wa kuongea naye.

Nikamwuliza polepole, "Basi unataka kuandika nini?"

"Doto."

Tukatamka sauti moja moja, akaandika mchangani kwa kijiti. Wenzake walipotoka kwenda mapumziko akawazuia: "Msimkanyage."

Akakaa hapo. Nikaokota kijiti, nikaandika jina la Mama kando ya Doto, tukayalinda wote wawili mpaka kengele.