Kiini cha Nne na Skrubu Nilizokwambia Ukaze

Bweni la Karakana ya Pampu,
Chumba cha 14, kitanda cha juu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Hujambo? Mama anaendeleaje na goti lake? Na dada yetu, na mtoto wake aliyekuwa anaota meno? Mimi sijambo. Mgongo unauma jioni, asubuhi unasahau. Kikohozi cha vumbi la chuma kimepungua tangu watupe barakoa mpya.

Jana nilikutumia ujumbe kwamba usiiwashe kompyuta mpaka upate barua hii. Najua uliguna. Picha za jengo la zahanati unazozichora kwenye kompyuta zinatakiwa mwisho wa mwezi, na ofisi ya wachoraji imekuahidi ajira ukizifikisha kwa wakati. Siku moja mashine ikizimwa ni siku imepotea. Lakini nivumilie. Nina neno ambalo siwezi kulisema kwenye simu, maana kwenye simu ningejitetea. Dereva wa lori anaondoka kesho, barua itakufikia Jumatano.

Kwanza ujue kwamba nina wivu. Namwonea wivu shemeji, huyo mume wa dada yetu.

Ile picha uliyonitumia mwezi uliopita, ulitaka nione kompyuta mpya. Mimi niliona ovaroli langu la bluu, lile nililoliacha nyuma ya mlango, limemkaa shemeji vizuri kuliko lilivyowahi kunikaa mimi. Niliona bisibisi yangu, ile niliyoizungushia mpira wa tyubu kwenye mpini, iko mkononi mwake. Na amekalia kiti changu. Mama akinipigia dakika tano, nne ni za shemeji: shemeji kaziba paa, shemeji kabeba mtungi wa gesi, shemeji hana makuu. Ya tano ananiuliza kama nakula. Na wewe siku ile uliteleza ukamwita kaka. Nilisikia. Kaka ni mimi. Yeye ni shemeji, na shemeji ni mtu wa kutaniwa, si mtu wa kupewa kiti cha mwenzake.

Basi uliponipigia kuniuliza habari ya joto, ulinikuta ninachemka tayari. Ulisema prosesa ina viini vinne, vitatu vinakaa kwenye nyuzi sitini hivi, cha nne kinafika sabini na mbili, na wewe unataka kuikimbiza kupita kasi ya kiwandani ili picha zitoke upesi. Ukasema shemeji anashauri kile kipoozeo, lile donge la alumini lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa, kifunguliwe kwanza kitazamwe kama kimekaa sawa.

Shemeji anashauri! Muuza vitambaa anashauri mambo ya chuma, na mimi ninayeshinda na chuma begani nipo? Nikakuambia achana na maneno ya muuza vitambaa, wewe kaza skrubu. Anzia upande wa vile viini vilivyotulia, kaza mpaka igome, cha moto umalizie mwisho. Nilisema kwa sauti ya fundi. Mdogo wangu, mimi si fundi. Huku nabeba vifuniko vya pampu, nafagia chenga za chuma, na nikiambiwa kaza, nakaza.

Ukakaza kama nilivyosema, kiini cha nne kikapanda mpaka themanini na nane, mashine ikawa inajizima yenyewe. Ukalaumu mkono wa shemeji, kwa kuwa ndiye aliyeshika kipoozeo siku mlipokifunga mara ya kwanza. Afadhali ningenyamaza. Nikaongeza kwamba mikono ya vitambaa iachwe kwenye vitambaa, nawe ukamfikishia hivyo hivyo. Mama ananiambia tangu siku hiyo shemeji akirudi hapiti chumbani kwako, anakula kimya, na ovaroli limerudi nyuma ya mlango. Dada yetu hakusemeshi.

Niliposikia la ovaroli nilifurahi. Nakuandikia kama lilivyo. Nilifurahi siku nzima.

Alhamisi fundi wetu akanipa kifuniko cha pampu nikifunge. Tunamwita Robo, kwa sababu kwake yeye kila kitu ni robo mzunguko. Nikakifunga kama nilivyokufundisha wewe, boliti ya kwanza mpaka igome, ndipo ya pili. Pampu ilipowashwa, maji yakanirukia kifuani.

“Wewe unafunga chuma au unamnyonga mtu?” Robo akaniuliza.

“Nimekaza vizuri, fundi.”

“Umekaza sana. Vizuri ni jambo jingine.”

Akakifungua, akapaka wino wa bluu kwenye uso wa kifuniko, akaniambia nikifunge tena kwa ufundi wangu huo huo, kisha akakifungua. Pembe niliyoanzia, wino wote umekamuliwa. Pembe ya mkabala, wino umekaa kama alivyoupaka. “Kimeinamia huku,” akasema, “kule kimenyanyuka. Boliti ya mwisho ungeikaza mpaka Krismasi, isingekirudisha.” Wenzangu walicheka. Mimi macho yalikuwa kwenye ule wino mbichi, nikakiona kiini chako cha nne.

Sasa fanya hivi. Chomoa waya, iache ipoe. Fungua kipoozeo polepole, utazame ile pesti ya kijivu mliyopaka katikati yake na prosesa. Naamini utakuta upande mmoja imebanwa imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na juu ya kiini cha nne imebaki nene. Hapo ndipo joto linapokosa njia ya kupanda. Hiyo ni kazi yangu, si ya shemeji.

Weka ukingo wa rula ya chuma kwenye uso wa kipoozeo, ukielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya chini ya rula, uso wenyewe umepinda, usiusugue, niambie nimuulize Robo kwanza. Usipopenya, futa pesti yote kwa spiriti na kitambaa kisichoacha manyoya. Kitambaa cha namna hiyo shemeji anakijua, hilo siwezi kumnyang'anya. Paka pesti mpya, kiasi cha punje ya njegere, isizidi.

Skrubu nimezichora nyuma ya karatasi hii. Usizifuate kwa mduara. Kaza ya kwanza, kisha ile inayoitazama kwa mshazari, kisha ya tatu na mwenzake. Robo mzunguko kila moja, urudie tena na tena mpaka zifike mwisho zenyewe, hapo acha. Mtu mmoja hawezi kazi hii. Lazima mmoja akibonyeze kipoozeo katikati kwa kiganja kisielemee, na mwingine azungushe bisibisi. Nyumba nzima hakuna mwenye kiganja kizito kama shemeji.

Usiiongeze kasi papo hapo. Iache kwenye kasi ya kiwandani, ipe picha moja ichore saa nzima, uandike namba za viini vyote. Zikipishana nyuzi tatu nne usihangaike, hata mapacha hawalingani. Zikipishana kumi, fungueni tena. Zikitulia ndipo uipandishe, kidogo kidogo, ukitazama.

Lakini kabla hamjagusa skrubu, msomee shemeji barua hii. Yote, hata pale nilipofurahi. Ukiruka hapo ataona naomba radhi kwa sababu ya pampu tu. Mwambie avae ovaroli. Bisibisi aishike, ila ule mpira asiutoe. Kiti pia akalie, ila mguu mmoja wa kiti umelegea, amuulize mama kipande cha ubao cha kuuwekea kiko wapi.

Nisalimie mama, mwambie nakula. Nisalimie baba mdogo na mkewe, na jirani yetu fundi viatu. Mbusu mtoto kwenye jino jipya. Dada mwambie nitampigia Jumapili ijayo nisikie matusi yake yote, nimeyatafuta mwenyewe.

Mungu aiongoze mikono yenu yote minne, na picha zifike kabla mwezi haujaisha.

Mkimaliza niandikie namba za viini. Namba ya joto langu mimi usiniulize. Bado iko juu.

Ni mimi akupendaye hata akiwa amenuna,

Kaka yako.