Jiwe la Nabwire

Kukhu,

Bibi yangu, leo nimeingia nyumba ya mzungu wa pamba, hapa nje ya Busia. Nimepita mlango wa mbele, ule ambao wewe ulikatazwa hata kuukaribia ukiwa na karai la nguo zao ulizozifua mwenyewe. Wameikarabati. Msichana anayewatembeza wageni alitupitisha chumba baada ya chumba: hapa bwana alikuwa akisoma, huyu pichani ni mwanawe wa kwanza, huyu farasi wake. Farasi ana jina, Kukhu. Nikauliza waliolima pamba ni akina nani. Akasema, "Wafanyakazi walikuwa wengi," akatuelekeza kwenye ngazi.

Naandika kwa hasira. Unisamehe mwandiko.

Kisha, kwenye veranda, nikaliona. Jiwe la kusagia nafaka ya wimbi, limejazwa maji ya ndege. Nilipiga magoti nikapapasa ukingo: pembe moja imevunjika. Ile uliyoivunja utotoni ukachapwa. Ulinisimulia tukichambua mboga, jinsi mlivyomzika mama yako, Nabwire, nyuma ya jiko, mkamwekea jiwe lake kichwani, halafu mzungu akataka shamba, mkafukuzwa, nyumba na jiko vikasawazishwa. Miaka yote uliniuliza kitu kimoja: "Nitajuaje mama amelala wapi?" Nikawa nakujibu tutapatafuta, nikimaliza mitihani. Ukafa ukingoja mitihani yangu.

"Sista, hiyo jiwe si ya kushika," msichana akaniambia. Nikamuuliza limetoka wapi. Mafundi walilikuta wakichimba bustani ya maua, akasema, wakaona litafaa ndege. Akanyoosha kidole kwenye mawaridi meupe. Hakujua amenionyesha nini.

Wameling'oa kichwani pa mtu, Kukhu. Kwa ajili ya ndege.

Katika kitabu cha wageni wote wameandika pazuri, pazuri sana. Mimi nimeandika: Nabwire amelala chini ya mawaridi yenu. Jiwe ni lake. Nikaweka jina langu lote, na la Baba.

Baba nimemweleza. Aliuliza linabebwa na watu wangapi.

Wawili, nikamwambia.

Jumamosi tutakwenda, mchana, watu wakituona. Hatutalileta nyumbani. Litarudi kichwani pake, na nitakaa juu yake mpaka wakubali lisiguswe tena. Nitachota udongo wa kaburi lako niumwage hapo, maana wewe hukuruhusiwa kufika bustanini.

Pumzika, Kukhu. Nimechelewa, lakini nimepajua.

Mjukuu wako