Kanda Niliyoificha Nyuma ya Kwaya

Jumamosi, 20 Julai 1996
Jericho

Baridi tangu asubuhi, na manyunyu yasiyotaka kuwa mvua wala kuisha. Nimevaa sweta mbili na bado nasikia baridi. Nimejaribu kujiambia kuwa ni Julai tu.

Si Julai. Ninaogopa.

Nimeandika neno hilo mapema ili nisilizunguke. Sasa nieleze mambo kwa mpangilio, maana nikirukaruka nitaanza kujitetea.

Kazini, kwenye duka la Mzee Kimeu sokoni ambako nawarekodia watu kanda, nina droo yangu. Humo mna kanda nne zisizo za mteja yeyote. Ni zangu. Zilitoka kwa Jukka, rafiki wa kalamu wa Ufini, ambaye tumeandikiana tangu nikiwa kidato cha tatu. Zamani alikuwa akinitumia picha za theluji. Kisha siku moja bahasha ikaja na kanda. Aliandika kuwa ni vijana wa mtaani kwao, wamejirekodi wenyewe ndani ya stoo ya viazi chini ya nyumba, na kwamba yake ni nakala ya nakala. Hakuna duka linaloiuza na hakuna redio inayoipiga.

Mara ya kwanza niliizima upesi. Nilidhani mashine inakula utepe. Gitaa lilinguruma kama kinu cha posho kinachozunguka bila mahindi. Ngoma zilikimbia kama mvua ya mawe juu ya mabati, na juu ya hayo yote kulikuwa na mtu ambaye haimbi, analia kama aliyebanwa na mlango.

Nikaiwasha tena.

Sijui nitaelezaje kilichonivuta. Kutwa nzima nasikiliza muziki uliooshwa na kupigwa pasi, kila mwimbaji akibembeleza apendwe. Wale wa stoo ya viazi hawambembelezi mtu. Unamsikia mmoja akikohoa. Unasikia kijiti cha ngoma kikianguka, na wenzake hawasimami kumngojea akiokote. Hapa nyumbani, tangu Baba apunguzwe kazini, tunaongea kama watu wenye maiti chumbani. Hata chumvi Mama anaiomba kwa kunong'ona. Sikuwa najua kwamba hofu inaweza kupigiwa kelele kiasi kile, na mtu akamaliza akiwa mzima. Nikivaa vile visikizi vya masikioni, mabega yangu hushuka yenyewe.

Maneno siyaelewi, ni ya Kifini. Huenda ni mabaya. Jukka angenifasiria kama ningemwomba, na sijawahi kumwomba.

Lakini mwaka huu si mwaka wa kukutwa na kitu kama hicho. Kanisani, kwenye kituo cha basi, hata kwenye foleni ya maji, habari ni waabudu shetani. Kule Kayole kuna familia iliyotolewa vyombo nje na majirani kwa sababu binti yao alikutwa na fulana yenye picha ya fuvu. Kitanda, jiko, godoro, vyote kwenye matope, na kila aliyepita alisimama kutazama. Mama yangu ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Binti wa mwenyekiti akikutwa na sauti zile, sijui vyombo vyetu vitafika wapi.

Kwa hiyo nilitengeneza njia. Kila kanda yangu inaanza na nyimbo tatu za kwaya yetu, pande zote mbili. Kisha ukimya kidogo. Kisha wale wa stoo ya viazi mpaka utepe uishe. Juu nimeandika jina la kwaya kwa mwandiko wangu ulionyooka. Yeyote atakayeijaribu atasikia sifa, atachoka, atairudisha mahali pake. Nilijiona mwerevu sana.

Leo mchana nilitoka kununua mandazi. Niliporudi, Mzee Kimeu alikuwa na uso wa mtu aliyefanya kazi.

"Mwalimu Mutua amepita, nimempa kanda yake ya kwaya. Kumbe ulikuwa ushamaliza, na mimi unaniambia Jumatatu."

"Umeitoa wapi, Mzee?"

"Kwa droo yako. Si imeandikwa?"

Imeandikwa. Tena vizuri.

Mwalimu Mutua ndiye mkuu wa kwaya. Kanda yake halisi ilikuwa bado kwenye mashine, upande mmoja tu umekamilika. Niliichomoa hivyohivyo, nikamwambia Mzee kuwa tumbo linaniuma, nikaenda kwa Mwalimu, Kayole.

Nilipokuwa napanda ngazi za nyumba yao nilisikia kwaya. Wimbo wa kwanza. Nilishukuru Mungu, halafu nikaona aibu kumshukuru kwa jambo hilo.

Sebuleni walikuwa watatu: Mwalimu mwenyewe, mkewe Mama Ndinda, na Musembi, mdogo wake Mwalimu, anayepiga gitaa la besi kanisani. Redio yao ni ile kubwa ya spika mbili, iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma mpaka usoni.

"Mwalimu, kuna kosa dogo," nikasema kabla sijaketi. "Nimekuja kubadilisha hiyo kanda."

"Kosa gani? Hebu sikia hao soprano wanavyopanda. Keti, Mwende."

"Siku hizi duka linafuata mteja mpaka nyumbani?" Musembi akasema. "Kesho mtatuletea na soda."

"Niruhusu tu niitoe, Mwalimu. Nina nyingine hapa, ni nzuri zaidi."

"Mtu haingii kwa nyumba ya watu akaanza na kosa," Mama Ndinda akanikata. "Kwanza kunywa chai. Hiyo redio haitoroki."

Nikaketi. Ningefanya nini? Mgeni hanyooshi mkono kwenye redio ya mwenye nyumba. Wimbo wa pili ukaanza. Mama Ndinda akaleta birika, akarudi kufuata vikombe, akarudi tena kufuata sukari, na kila alipotoka nilimtazama Mwalimu, naye alikuwa amefumba macho, anaongoza kwaya kwa kidole kimoja.

Wimbo wa tatu ulipoanza alisema, "Tuombee chai."

Kanisa zima linamjua Mwalimu kwa maombi yake. Alianza na chai na mikono iliyoipika. Akaingia kwa wakulima wa majani chai, madereva walioyabeba, wagonjwa wasioweza kunywa. Wote waliinamisha vichwa. Mimi macho yangu yalikuwa wazi. Kwaya ikafika kwenye ubeti wa mwisho, nikainuka taratibu, nikapita mbele ya magoti ya Musembi, nikainua kitambaa, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kuzima.

Wimbo ukaisha. Ukabaki ule mvumo wa utepe mtupu.

Nilikuwa na nafasi. Kidole kilikuwa palepale, na kitufe kile si kigumu.

Sikubonyeza.

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu kabla ya kuendelea. Sikupigwa na butwaa, na mwili haukuniganda. Nilitaka kusikia. Miaka miwili nimesikiliza muziki ule kwa visikizi, shuka juu ya kichwa, na hapo mbele yangu palikuwa na spika mbili zenye ukubwa wa sufuria ya ugali wa sherehe. Nilitaka kujua unakuwaje ukiachiwa chumba kizima.

Ukaachiwa.

Vikombe viligongana juu ya sahani zake. Kitambaa kiliruka kwenye vidole vyangu. Nilihisi ngoma zikiingia kwa nyayo na kutokea kwenye meno, na kwa kitambo kile sikumwogopa mtu yeyote duniani. Kisha Mama Ndinda akapiga kelele, na ndipo nilipobonyeza.

Mwalimu alikuwa bado ameshika mikono kimaombi, lakini macho yalikuwa yamefunguka.

"Hiyo ni nini?"

"Usimuulize ni nini," Mama Ndinda akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilinitisha kuliko ile kelele. "Muulize kwa nini alikuwa amesimama kabla haijaanza."

Nikasema ni kanda ya mteja. Nikasema imechanganywa dukani, na ndilo kosa nililokuja kurekebisha. Yote yalitoka mdomoni kwa utaratibu, kama risiti.

"Mteja gani?" Mwalimu akauliza.

Nikarudi kitini, nikitafuta jina.

Mama Ndinda alikuwa nalo. "Si ni yule Salim wa Tassia? Kila siku yuko pale dukani, waya mdomoni. Na kanisani hujawahi kumwona."

Salim hawezi kuonekana kanisani, ni Mwislamu. Ni fundi wa redio, ndiye anayetutengenezea mashine zikikwama. Ana mke na watoto wawili wadogo, na muziki anaoupenda ni taarabu peke yake. Aliwahi kunikuta nikisikiliza zile kanda. Alivaa visikizi, akatulia kama daktari, akanirudishia. "Dada Mwende, huu si muziki. Hii ni spika inaomba msamaha." Hakumwambia Mzee Kimeu wala mtu mwingine.

"Ni yeye?" Mwalimu akaniuliza.

Nilitazama chai yangu. Ilikuwa imefanya utando.

Sikusema ndiyo. Nimejishikilia hapo njia yote ya kurudi, kwamba sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana, na chumba kile kilinisikia vizuri kabisa.

Mwalimu aliitoa kanda, akaitia kwenye mfuko wa koti. "Kesho baada ya ibada tutaenda na wazee mpaka Tassia. Tutaongea naye vizuri."

Hata ile familia ya fulana ya fuvu, majirani walianza kwa kuongea nayo vizuri.

Musembi alinisindikiza mpaka chini. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama, akatazama juu kuona kama mlango umefungwa.

"Mwende, niambie ukweli. Hiyo kitu inaendelea mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho wa kanda."

"Upande wote?"

"Zote mbili."

Akatingisha kichwa. "Noma. Hiyo gitaa wameitia nini?" Aliuliza kama mtu aliyeona chakula. Halafu uso ukabadilika. "Mimi siwezi kusema kitu. Lakini brother akianza, unamjua, haachi. Na Salim ana watoto. Jipange."

Nimekuja nyumbani. Baba amelala kwenye kiti, gazeti la jana kifuani. Mama yuko kwenye kikao cha akina mama, anapanga nani atapamba madhabahu kesho.

Nimefikiria kumwonya Salim afunge nyumba aende kwa ndugu zake. Hilo lingemfanya mtoro, na mtoro ana hatia kabla ya kuulizwa. Nimefikiria pia kungoja, huenda Mwalimu akalala akasahau. Nimefikiria kuugua kesho. Kila wazo nililopata lilikuwa na mimi nimeketi mahali salama.

Nilidhani nitakapoogopa sana nitazitaka zile kanda zilizobaki. Sizitaki leo. Wale vijana wa stoo ya viazi walipiga kelele kwa koo zao wenyewe. Mimi nimeliazima koo la Salim bila kumwomba.

Kesho asubuhi, kabla ya kengele ya ibada, nitakwenda kwa Mwalimu niseme kanda ni yangu, mwandiko ni wangu, na nyimbo tatu za mbele nilizipanga mimi. Sitasema shetani alinipitia. Ataniuliza kama naupenda muziki ule, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu jibu ni ndiyo. Nitaipoteza kazi kwa Mzee Kimeu. Labda tutaipoteza nyumba hii. Sijui kama nitaweza kusimama kanisani, Mama akinitazama kutoka kiti cha mbele huku bado hajajua.

Ndiyo maana yeye lazima ajue leo.

Namsikia getini, anamuaga mtu, anakung'uta matope kwenye viatu. Akiingia atauliza kama nimebandika chai. Nitamwambia kabla sijawasha jiko, kwa maana chai ikishachemka nitakuwa nimepata uongo mwingine, na ninajua utakuwa mzuri.