Bega la Kushoto

Mama Zuhura,

Fundi wako sasa ni mwanafunzi. Cheka kwanza, halafu unisikilize.

Huu ni mwezi wa kumi tangu tukuzike. Cherehani yetu iko palepale barazani, Msimbazi, lakini asubuhi anaikalia mwanao Zuhura. Mimi nakatiza Mnazi Mmoja na karatasi kwapani kwenda chuo cha sanaa, kukaa na vijana ambao kaptura zao za shule huenda nilizishona mimi. Wananiamkia vizuri, "Shikamoo mzee," kisha wanachungulia mchoro wangu na kubana vicheko. Balozi wa nyumba kumi alinipongeza mbele ya watu kwenye foleni ya sukari. Anadhani nimeanza kisomo cha watu wazima. Nimemwacha na furaha yake.

Wewe unajua kilichonipeleka. Kila Idi tulisema tutapita kwa mpiga picha, na kila Idi nguo za watu zilitukalia shingoni mpaka saa ya swala, tukarudi tukalala kama magogo. "Idi ijayo, Fundi," ulikuwa ukisema. Sina picha yako hata moja. Vipimo vyako ninavyo vyote kichwani, kifua, kiuno, urefu wa mkono, lakini sura yako imeanza kunitoka. Naogopa, mke wangu.

Nikawa nakuchora kwa kukumbuka. Mara ya kwanza, ya pili, ya saba. Kila mara alitokea mwanamke mzuri nisiyemjua. Mwalimu wetu, kijana ninayeweza kumzaa, akaniuliza, "Mzee, kweli alikuwa amenyooka hivi?"

Nikaiweka penseli chini. Maana kila gauni nililokushonea nilitia pamba bega la kushoto, lile lililoshuka tangu ulipoanguka na ndoo bombani ukiwa msichana. "Hii siri yangu na yako," uliniambia. Hata Zuhura hakujua. Mkono wangu umezoea kukuficha, ukawa unakuficha mpaka kwenye karatasi.

Jana nikaitoa ile pamba. Nikalishusha bega, shingo ikafuata, kichwa kikainama upande ule kama ulivyokuwa ukitunga uzi kwenye sindano. Na uso, Mama Zuhura, uso ukaja wenyewe. Ulikuwa karibu kucheka. Nililia mbele ya wale vijana wote, na safari hii hakuna aliyecheka.

Zuhura alipouona mchoro aliacha kushona. Akautazama sana. "Mama," akasema. Halafu akauliza, "Kumbe bega lake lilikuwa hivi?"

Nisamehe, siri yetu nimeitoa. Sikuwa na njia nyingine ya kukuona. Natamani ungekuwepo unigombeze.

Pumzika, mpenzi wangu. Nakuahidi Idi hii sitapokea nguo ya mtu yeyote. Nitavaa kanzu, nitaweka kioo mbele yangu, nijichore ubavuni kwako, upande wa kushoto, bega lako liegemee kwangu. Idi hii tunapiga picha.

Fundi wako