Kamufupa ka Nyuma ya Kifundo

Siku ya kwanza, tarehe 15 mwezi wa tatu 1993

Miezi mbili sasa muguu unaniuma. Tangu siku ile bijana balitupa mawe ku masomo kwenye nafundisha, mi nikaruka ngazi pamoja na batoto ba darasa langu. Kifundo kikajipinda. Ku hospitali balipiga radio, picha ya mifupa, bakasema mifupa iko mizima, ni mishipa tu, funga bande. Nimefunga. Lakini nikishuka ngazi, nasikia kisu nyuma ya kifundo.

Bwana yangu Kabasele bamemufukuza kazi ku mugodi, juu sisi ni Bakasai, batu ba kutoka Kasai, si Bakatanga. Banatuita bilulu. Badudu. Anasema tujitayarishe kukimbia. Na muguu gani?

Siku ya ine, tarehe 18

Jirani yetu Godelieve, Mukatanga, infirmière, muuguzi ku hospitali, amenipeleka kwa munganga Kabemba. Alishika kisigino, akasukuma muguu wote chini, kwa nguvu. Nikalia. Akauliza: njo pale? Nikajibu: njo pale, Tata.

Akainua radio ya zamani ku dirisha. Kisha akanionyesha: nyuma ya kifundo kuko kamufupa, kamevunjika. Kila nikishusha muguu, kanabanwa kati ya mufupa wa juu na kisigino.

"Mama Mbelu, hawakukaona. Pole."

Plâtre, plasta ngumu ya kushika mufupa, juma sita, bila kukanyaga. Nikiendelea kutembea, hakatashikana, nitachechemea maisha yangu yote. Nikamuambia hatuna juma sita. Akasema: saa yoyote utakuja, nitakufunga plâtre.

Siku ya pili, tarehe 23

Jana balichoma nyumba ya tatu kutoka yetu. Kabasele anataka twende gare kesho. Maelfu ya batu banalala pale inje, banangojea treni ya Kasai. Nikajaribu uani: hatua makumi mbili, nikaanguka. Batoto banatazama.

Nikamuambia, chukua batoto, mi nitafuata. Alikataa. Alikataa tena. Kisha akaanza kufunga nguo zake na za batoto, zangu akaziacha.

Siku ya tatu, tarehe 24

Baliondoka asubuhi. Mutoto wetu Annie hakulia. Aliuliza tu kama plâtre itauma.

Niko kwa munganga Kabemba, kitanda cha mwisho, salle, chumba cha bamama. Plâtre ingali na maji. Godelieve ameandika fiche yangu, karatasi ya kitanda, na jina la uongo la Kikatanga: Mwenze Mado, wa Kongolo. Alinifundisha jina la baba, la kijiji. Usiseme mingi, mama, alisema, sauti yako ni ya Kasai.

Saa tisa. Bijana bameingia, banatafuta Bakasai. Banasoma fiche, kitanda kwa kitanda. Munganga anabafuata, anasema nabo polepole, habamusikilizi. Mama wa karibu na mulango bamemuinua. Anasema muume wake ni Mukatanga. Bamemutosha inje.

Naandika chini ya shuka. Godelieve amesimama mbele ya kitanda changu, nawona mikono yake nyuma ya mugongo, imeshika chuma cha kitanda.

Mwenze Mado. Baba Mwenze Kitenge. Kongolo, kijiji cha —

Kijiji cha nani? Alinambia mara tatu. Bako kitanda cha pili kutoka kwangu.