Nilisema Karibuni kwa Mdomo Tu, Sasa Wanashuka Mlimani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie na unisaidie haraka, kwa sababu Jumamosi haiko mbali na mume wangu amekataa katakata kukohoa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mume wangu ni mwalimu wa udereva, tunaishi vyumba viwili juu ya karakana ya mageti na kelele zake tumeshazizoea. Nina rafiki yangu wa tangu shule ya bweni, tulilala kitanda kimoja cha dabodeka, yeye juu mimi chini, na mpaka leo mpangilio ni uleule, maana yeye na mumewe wamestaafu vizuri, wana nyumba ya mapumziko milimani wanakokimbilia kila msimu wa joto, na sisi tumebaki huku chini tunajipepea kwa vifuniko vya ndoo. Shuleni tulimwita Bibie na jina limemkaa. Miaka ya nyuma tulikutana msibani, akaniambia, "Na nyinyi karibuni kule kwetu milimani," nami kwa furaha nikamdaka palepale, nikamuuliza lini, akanyamaza kidogo, akasema hata mwezi ujao, basi tukaenda, na tangu hapo tunaenda kila mwaka.

Mshauri, usione watu wanarudi kutoka milimani mashavu yanang'aa ukadhani wamepumzika, ile ni baridi imewapiga. Mlangoni kuna kikapu, simu zote humo, eti kichwa kipumzike. Shemeji, yaani mume wa Bibie, alikuwa mkaguzi wa shule, na kwa kuwa siku hizi hana shule za kukagua anakagua wageni, alfajiri anapuliza filimbi tupande kilima tukaone jua likichomoza, na jua lenyewe sijawahi kuliona, tunasimama mbele ya ukungu na yeye anatuamuru tuvute hewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sisi tulipewa mashoka kabla hatujashusha mabegi, kwa sababu kupasua kuni eti ni dawa ya mawazo. Supu haina chumvi. Maji ya kuoga yakikugusa unasahau jina la mwanao wa kwanza. Na Bibie amemfumia kila mgeni kofia ya sufu, ya mume wangu ina kishada juu, na yule ni mtu mzima anayeheshimiwa na wanafunzi wake.

Kosa letu ni kwamba kila tukiaga tunasema, "Jamani tumefurahi, mwakani tena tukijaliwa," kama mtu yeyote mwenye adabu anavyosema, na Bibie anaitikia, "Haya, tunawasubiri." Mwaka huu nikasema liwalo na liwe. Nikampigia, nikamwambia hatutaweza, shemeji yako kifua kinambana, daktari amemkataza baridi. Akasema, "Afadhali," halafu akasema, "Yaani, pole sana." Nikaona aibu kumaliza maongezi kavukavu hivyo, nikaongeza, "Lakini karibuni na nyinyi huku kwetu." Mshauri, nilisema karibuni kama watu wanavyosema karibuni! Kabla sijavuta pumzi nikamsikia anamwita mumewe, "Baba, funga madirisha, tunashuka kwa shemeji!" Wanakuja Jumamosi hii, wote wawili, msimu mzima, kumuuguza mume wangu.

Na mume wangu ni buheri wa afya. Nilipomsihi angalau akohoe wakati wa chakula alinijibu, "Uongo umeupika mwenyewe, uupakue mwenyewe. Mimi kule mlimani nilikuwa nakufuata wewe." Na mimi siku zote nilidhani yeye ndiye anayetaka kwenda, kwa jinsi alivyokuwa akiisifia ile hewa.

Nimewaza kuwaambia tumesafiri, nimewaza kuwaambia mtaani kumeingia ugonjwa wa macho mekundu. Lakini nampenda rafiki yangu, hilo nalisema wazi. Mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyelala na mimi chini kwenye mkeka mpaka watu wote wakatawanyika. Akijua nimemdanganya ataniona mtu wa aina gani? Nikimpoteza huyu sina mwingine. Na kinachoniuma ni kwamba miaka yote hii ya milimani hatujakaa mimi na yeye tukaongea, kule hatuongei, tunahema tu. Nifanye nini?

Mimi, Mgeni Niliyechoka

*

Mgeni Uliyechoka, pole. Hiyo ndiyo pole yako ya kwanza na ya mwisho, sasa kaa vizuri nikuseme.

Mtu akiwa anakula, ukipita anakuambia karibu. Wewe unasema asante, unaenda zako. Hiyo ni adabu na kila mtoto anaijua. Bibie alikuwa msibani, kasema karibuni kama watu wanavyosema karibuni, na wewe ukanawa mikono ukauliza lini! Ukamwona kabisa akinyamaza, tena umeniandikia mwenyewe. Tangu siku hiyo yule mama kila mwaka anafuma kofia, na mumewe anatafuta filimbi, kwa sababu wageni wanakuja na hawajui wawafanye nini. Mimi simjui, lakini mtu anayefurahia milima hasikii habari za kifua cha shemeji yake akasema afadhali. Wala hafungi madirisha kabla simu haijakatwa.

Kwa hiyo watu wanne wazima, wenye akili zao, mnapanda juu kutetemeka pamoja kwa kuoneana haya. Wewe unamfuata mumeo, mumeo anakufuata wewe, Bibie anafuata maneno yake mwenyewe. Mkaguzi sijui anafuata nini.

La ugonjwa sasa. Usithubutu kumfundisha mumeo kukohoa. Yule anashinda kutwa nzima na watu wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki, akirudi nyumbani hana nguvu za kuigiza. Halafu mgonjwa wa uongo ni kazi kumtunza. Wataleta dawa, na itabidi azinywe. Mkaguzi atataka kumwona daktari, na itabidi umtafute. Mwisho utamzika mume akiwa hai kwa ajili ya kulinda adabu.

Safari nayo iache. Na hayo macho mekundu, dada yangu, mtu aliyelala nawe kwenye mkeka wa msiba utamtishia macho mekundu? Ya kwako ameshayaona.

Hapo ndipo uliponiudhi. Unaogopa atakuona mtu wa aina gani, na huku amesikia tu kwamba mumeo anaumwa, anakuja kubanana nanyi juu ya karakana katika joto hili. Hata kama milima imemchosha, anayekimbia milima ana hoteli za kukimbilia. Yeye kachagua kwako.

Fanya hivi, na ufanye leo kabla hawajafunga mizigo. Mpigie. Mumeo asiwe karibu, asije akaanza kukohoa kwa woga. Salamu iwe fupi, maana wewe ukipewa salamu ndefu unatorokea humo. Sema, "Mume wangu ni mzima. Nilikudanganya. Baridi ya kule mimi siiwezi, na nilishindwa kukuambia." Kisha nyamaza. Usiongeze karibu, usiongeze tukijaliwa, usiongeze lolote. Akicheka, cheka naye. Akikusema, pokea, umestahili, na mtu mzima hafi kwa kusemwa. Akishamaliza ndipo umwalike, na safari hii umtajie siku ya kuja na siku ya kuondoka, kama mtu anayemaanisha. Mkaguzi apewe kiti cha nyuma kwenye gari la mafunzo, atakuta huko makosa ya kumtosha. Wewe funika cherehani, fungeni mlango, mkae wawili.

Rafiki wa utotoni huwezi kumtafuta mwingine ukubwani. Mkiendelea kustahiana hivi, siku ukweli utakaposemwa mmoja wenu atakuwa anasomewa wasifu wa marehemu, na mwenzake amekaa pale mbele ana la kumwambia. Piga simu.